Maneno Iliyoambiwa Friji

Nakumbuka siku moja ya kipupwe, mwanangu, nilipoizima friji ya watu kwa kupuliza.

Nilikuwa mke mpya. Nimetoka Ileje, nimeolewa Mbozi, kwenye shamba la kahawa la Mzungu mmoja ambako baba mkwe wangu alikuwa mpishi, nami nikifua nguo. Friji ile ilikuwa ya mafuta ya taa: chini utambi unawaka, juu kabati la baridi. Moto uzae baridi! Mimi niliona ni uongo wa mchana kweupe.

Asubuhi hiyo nilikuwa peke yangu jikoni. Nikasikia kitu kinachemka mgongoni mwa friji, glu, glu, kama chungu cha maharage. Nikajua inaungua. Nikainama, nikapuliza moto ukazimika, nikarudi kwenye beseni langu la kufulia, la maji ya moto, nikijisifu.

Mara baba mkwe akaingia, akaona utambi umezimika. Ndani mlikuwa na chupa za dawa ya sukari ya mama mwenye nyumba, mke wa Mzungu. Kama moto ulizimika tangu jana, dawa imeharibika, na kumchoma mgonjwa dawa mbovu ni kumwua. Kama umezimika sasa hivi, dawa ni nzima, na kuimwaga ni kumwua vilevile, kwa kuwa nyingine ingechukua wiki kufika. Aliyejua ni mimi tu. Na kwa mila yetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake, sembuse kumsemesha. Mama mkwe, aliyezoea kupeleka maneno kati yetu, alikuwa shambani. Nikageukia ukuta, nikajifunika khanga.

Mzee hakunisemesha. Aliisemesha friji.

"Wewe friji," alisema polepole, "kuunguruma kwako ndiyo uzima wako. Maji ya dawa yaliyo ndani ya mabomba yako yanachemka huku, baridi inapatikana kule. Ukinyamaza ndipo tunaogopa. Kama kuna aliyekuzima, hakujua, simlaumu. Ila anayejua akanyamaza, huyo ataua mtu. Haya, umezimika saa ngapi?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaliinamia beseni.

"Beseni," nikasema, "friji imezimwa sasa hivi, maji yako ya moto hata hayajapoa. Mlango haukufunguliwa."

"Asante, beseni," akasema mzee, akawasha utambi.

Mama yule akachomwa sindano yake kama kawaida, akaishi kunifokea kwa ajili ya mashuka miaka mingi.

Basi mwanangu, usikizime kitu kwa sababu kinaunguruma. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, sema mapema. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mila niliishika mpaka mzee yule akazikwa, sikumtazama usoni hata siku moja, wala sijutii. Lakini ukweli haukosi njia: palipo na beseni, sema na beseni.

Mungu akubariki, akupe ulimi wa kuuliza kabla ya pumzi ya kupuliza.