Kikombe cha Asnath na palizi isiyo na pombe

Asnath Chilongola hapokei kikombe kitupu mpaka aone koo limecheza.

"Meza," anamwambia mzee mmoja aliyevaa koti la suti na kandambili. "Tena. Haya, fungua mdomo nione." Mzee anafungua kama mtoto wa chekechea, na walioketi kwenye benchi wanacheka, ingawa zamu yao inakuja.

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Majengo, jijini Dodoma. Wauza nafaka ndiyo kwanza wanashusha magunia, lakini sufuria mbili za Asnath zimeshachemka saa nzima. Chumba kizima kinanuka mizizi ya urukususu, manjano na maua makavu kutoka China. Ladha yake, kwa maelezo ya mgonjwa mmoja, ni kama kulamba mlango wa zamani.

Wote walio kwenye benchi wana ini lililoumizwa na pombe.

Asnath, 43, mkazi wa Mkonze, aliingia katika duka hili la dawa za asili za Kichina miaka kumi na miwili iliyopita akiwa mfagizi. Mwenye duka wakati huo, mama wa Kichina aliyejulikana mtaani kama Bibi Lin, alimkuta siku moja akipanga mizizi bila kuagizwa. Akamfundisha kupima kwa mizani na kusoma ulimi wa mgonjwa. Bibi Lin aliporudi kwao alimwachia duka, naye Asnath akafuatilia mpaka akapata kibali cha tiba asili. Mpaka leo akikutana na ulimi asiouelewa, anaupiga picha na kuutuma China.

"Simu yangu ukiifungua utakimbia," anasema. "Picha za harusi hakuna. Ni ndimi tupu."

Zamani dawa ilitolewa kavu, kwenye bahasha, mtu akachemshe kwake. Utaratibu huo ulikufa Aprili mwaka juzi, na aliyeuua ni kaka yake wa kuzaliwa.

Silvano, mkulima wa mtama Chamwino, alikuwa ameambiwa hospitali kwamba akiendelea kunywa hamalizi miaka miwili. Asnath akampelekea bahasha za miezi miwili. Wiki zikapita, tumbo likazidi kujaa na macho yakawa ya njano. Dada mtu akapanda gari bila kutoa taarifa.

Alimkuta uani, ameketi kwa adabu, anakunywa dawa. Alikuwa ameikoroga ndani ya kibuyu cha ujimbi, pombe ya mtama ya Wagogo.

"Nikamuuliza, kaka, unafanya nini? Akanijibu kwa upole kabisa, 'Nakunywa dawa yako, dada. Sijaruka hata siku moja.' Nililia. Halafu nikacheka. Halafu nikalia tena."

Silvano hakuwa mjinga wala mkaidi. Nyumbani kwao dawa ya mizizi hunywewa na pombe. Ndivyo alivyotibiwa babu, ndivyo alivyotibiwa baba. Bahasha ilisema mara mbili kwa siku, basi naye akawa anakunywa pombe mara mbili kwa siku kwa agizo la dada yake.

"Nilimweleza vipimo, nikamweleza maji ya moto," anasema Asnath. "Hilo la pombe, Bibi Lin angelikosea ningemsamehe, yeye ni mgeni. Mimi mtoto wa Kigogo?"

Siku ileile alimkimbiza hospitali, akalazwa wiki tatu. Alipotoka alihamia Mkonze kwa dada yake, akawa wa kwanza kukaa kwenye benchi lile.

Tangu hapo mgonjwa wa pombe huja mwenyewe kila asubuhi na kunywa akitazamwa. Kikombe ni Sh1,000. Anayenuka pombe anarudishwa. Mwenye macho ya njano au tumbo lililojaa hapewi kitu mpaka apite hospitali, na kila mmoja huleta majibu ya vipimo vya ini kila baada ya miezi mitatu. Kati ya 31 walioanza mwaka jana, 17 bado wanakuja. Wawili wamezikwa, na Asnath anawataja kwa majina bila kuulizwa.

Daktari Erica, anayemtibu Silvano hospitalini, hapambi maneno.

"Sina ushahidi kwamba dawa ile inaponya ini, na iko mizizi inayoliumiza, ndiyo maana nilidai nijue kila kilichomo," anasema. "Ninachokijua ni kwamba mtu anayeamka alfajiri kukifuata kikombe kile anakuja bila kulewa. Vipimo vya Silvano vinavyoonyesha ini kuumia vimeshuka karibu nusu."

Asnath hakasiriki. "Daktari anasema ni kuacha pombe. Mimi nasema dawa imo. Mama anasema ni maombi yake. Tusigombane, mradi mtu anakula ugali."

Hata hivyo Januari hii ilikuja na hofu yake. Mvua ilinyesha vizuri, mtama aliopanda mke wa Silvano, Penina, ukaota, na Silvano mwenyewe akarudi Chamwino kupalilia ekari zao tatu. Penina ndiye sasa anayemchemshia na kumsimamia asubuhi. Lakini pale kijijini kwao palizi ni ya kusaidiana: mwenye shamba anapika pombe, majirani wanakuja na majembe. Asiyepika hapati mikono, na asiyepata mikono anavuna magugu.

"Akipika ataonja," alisema Asnath wiki hiyo. "Asipopika, watoto watakula nini?"

Waliamua kupika togwa isiyolevya, madebe mawili, na maharage ya kutosha.

Jumamosi saa moja asubuhi, shambani wapo Silvano, Penina na Asnath. Saa mbili wapo walewale watatu. Watu wenye majembe wanapita njiani, wanasalimia, wanaendelea na safari zao. Penina anakwepa kumtazama mumewe. Inauma kuwaangalia.

Kisha Mzee Gerson, jirani yao, anakata kona na kuingia shambani.

"Shikamoo, mzee," anasema Silvano.

"Marahaba. Pombe iko wapi?"

"Hakuna, mzee. Nikiipika nitaionja, na nikiionja nitakufa."

Kijiji kilikuwa kimeambiwa kwamba anaumwa tumbo tu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Asnath alikuwa amemkumbusha Silvano hilo kwa miezi mingi bila mafanikio.

Mzee Gerson anachota togwa, anakunywa, anakunja uso. "Tamu kama ya watoto," anasema, na kuweka kikombe chini. "Haya, mstari wangu ni upi?"

Kufikia saa nne wamefika kumi na wanne. Mmoja wao, Eliakimu, aliilalamikia togwa kwa sauti mpaka saa sita, kisha akamvuta Asnath pembeni na kumuuliza duka lake hufunguliwa saa ngapi.

Sasa Asnath anataka kufungua benchi la pili Chamwino kabla ya mavuno. Chumba amekipata, na Daktari Erica amekubali kupokea wagonjwa wake kwa vipimo. "Mtu wa huku hawezi kupanda gari kila asubuhi kuja kunitolea ulimi," anasema. "Nitawafuata."

Pombe ingeleta watu thelathini na shamba lingeisha. Jumamosi ile ekari moja ilibaki na magugu. Penina alipouliza nani atailima, Silvano alikuwa ameshaokota jembe.

"Mimi," alisema. "Siku hizi asubuhi ninazo nyingi."