Fulana sitini za ndege moja

Saa tatu asubuhi, soko la Mbinga, na ukungu haujaamua kama unaondoka au unabaki. Kunigunda Mbunda amepanda juu ya kreti la soda, ameinua fulana ya kijivu kwa mikono miwili, anaipunga kama bendera.

"Ndege ya vita hiyo! Imestaafu, haigombani na mtu! Elfu moja mia tano, unaruka nayo mpaka nyumbani!"

Kifuani mwa fulana kuna ndege ya zamani ya kivita, pangaboi puani, meno yamechorwa kama ya mamba. Chini yake kuna Kiingereza kidogo na mwaka 1943. Zimebaki sita. Lori la Maguu, kijijini kwake, linaondoka saa saba, na kabla ya hapo Kunigunda anataka elfu tisa mkononi.

Elfu tisa ni mfuko mmoja wa mbolea. Mitatu ameshainunua, imelala nyuma yake chini ya turubai. Kahawa yao na mahindi ya kwenye ngolo, yale mashimo ya mlimani, vinahitaji minne, na mvua za Novemba zimeshapiga hodi. Zamani mbolea ililetwa na ushirika kwa mkopo. Siku hizi soko ni huria, na mbolea nayo imekuwa huru kupanda bei.

Kunigunda ana miaka arobaini na mmoja, watoto wanne, na huu ni mwaka wake wa sita kwenye mitumba. Agosti alikabidhiwa na mumewe, Nazari, shilingi elfu sabini za kahawa akazizungushe kabla ya msimu wa mbolea. Akaenda Songea, akanunua nusu robota. Karatasi iliyobandikwa juu ilisema masweta, na kwa baridi ya Maguu sweta halilali sokoni.

"Robota halifunguliwi kabla ya kulipa," anasema. "Ni kama kuoa kwa picha."

Nyumbani akakata kamba, akatoa ndege. Akatoa nyingine. Zote sitini zilikuwa ndege ile ile, saizi ya mtu aliyeshiba.

"Baba Lidia alizitazama weee, halafu akaniambia: 'Mama Lidia, nimekutuma masweta, umeniletea jeshi la anga.'"

Sasa anacheka. Wiki ile, anakiri, ugali haukuwa na ladha.

Mnunuzi wa mitumba hutaka nguo ambayo jirani hana. Wanaume watatu wa Maguu walinunua, kila mmoja kwa siku yake, wakakutana kwenye kilabu cha pombe Jumapili. Kilabu kizima kikasimama kuwapigia saluti. Jumatatu asubuhi mmoja wao, Mansuetus, alikuja kurudisha.

"Akaniambia, 'Dada, mimi mkulima tu. Nikitoka nje kidogo, watu wananiuliza natua lini.'"

Septemba Kunigunda akazishindilia fulana zilizobaki kwenye gunia, akadandia lori la mbao hadi Mbamba Bay, ziwani. Siku mbili hakuuza hata moja. Siku ya tatu akapita Mwalimu Violet, kiongozi wa kwaya ya Kianglikana, akauliza kwa utani kama zipo mbili za kufanana. Kwaya yake ilialikwa kwenye tamasha na haikuwa na sare. Na kwaya isiyo na sare, iwe ya ziwani au ya milimani, huimba ikitazama chini.

"Nikamuuliza, mwalimu, waimbaji wangapi? Akasema arobaini na wawili. Nikamwambia, kaa chini kwanza."

Violet alipoyaona yale meno, alisita. "Tuimbe amani na hili dude kifuani?"

Kunigunda akaivaa moja palepale, mbele ikawa nyuma. Kifua kikabaki kijivu kitupu, cha heshima kabisa. Kwaya ikazichukua arobaini na mbili, sehemu kwa fedha, sehemu kwa madebe manne ya usipa mkavu, dagaa wa ziwani; Maguu waliumaliza kwa siku moja.

"Ndege ilionekana kwaya ilipogeuka kutoka," anasema. "Nasikia ndipo vigelegele vilipozidi."

Saa saba kasorobo, makuli watano wanaopakia kahawa wanakuja pamoja. Nao wanataka sare. Inabaki moja. Lori limeshawasha injini, na Nazari amefika kubeba mifuko. Anaitazama fulana, anamtazama mkewe, kisha anatoa noti mfuko wa ndani wa koti.

"Hiyo hela ni ya kilabu," Kunigunda anasema.

"Ya kilabu. Nipe hiyo ndege."

"Elfu moja mia tano, baba Lidia."

"Hata mume hapunguziwi?"

"Aliyesema jeshi la anga ni nani? Lipa."

Analipa. Mfuko wa nne unanunuliwa na kupakiwa.

Kunigunda hataki tena kuoa kwa picha. Kwaya mbili na timu moja ya mpira zimeshamuulizia sare. Kahawa ikikubali mwakani, atanunua cherehani na vitambaa, azishone mwenyewe. "Safari hii mbele patupu na nyuma patupu," anasema.

Lori linaondoka. Nazari ameivaa fulana juu ya koti, meno mbele. Makuli watano wanajipanga kando ya barabara na kumpigia saluti. Nazari anasimama juu ya mifuko yake minne, anawarudishia saluti.