Mbwa wa Kaka na Sahani ya Mama

Kaka yangu alipohamia Tegeta alipata vitu viwili ambavyo ukoo wetu haujawahi kuwa navyo: geti la umeme na mbwa wa kulala ndani. Aliposafiri na familia yake kwenda harusini Tanga wiki nzima, akanikabidhi mimi huyo mbwa, pamoja na maelekezo ya kurasa mbili. Achemshiwe kuku bila chumvi. Atembezwe asubuhi. Asikemewe, maana husononeka. Mimi nimefiwa na mke na hakuna aliyewahi kuniandikia hata mstari mmoja wa namna hiyo.

Nilikubali kwa sababu nilitaka kujaribu. Nilikuwa nafikiria kufuga mbwa wangu, nyumbani Keko. Watu niliwaambia ni kwa ajili ya wezi, ingawa mwizi wa kuja kuiba makabati ninayochonga itabidi aje na gari la kirikuu na wabebaji wanne.

Kikwazo kilikuwa mama. Kila Ijumaa baada ya swala hutoka Buguruni kuja kula kwangu, na ndiyo siku pekee meza yangu ina watu wawili. Alishasema penye mbwa malaika wa rehema hawaingii. Sasa kama malaika hawaingii, mama ataingia? Niliogopa kumuuliza.

Ijumaa ile ikabidi anifuate Tegeta. Nilimfungia mbwa chumba cha nyuma, nikapakua wali na samaki barazani, nikaingia ndani kufuata ndimu. Kumbe mbwa wa watu wenye uwezo anajua kufungua kitasa. Niliporudi alikuwa anaramba sahani ya mama bila haraka, kama mgeni rasmi. Mama amekaa pembeni, kanga ameikusanya magotini.

"Samahani sana, mama."

"Najisi ya mbwa ni maji mara saba, moja kwa udongo," alisema. "Sahani ya mke wa kaka yako hiyo, hatuiachi hivyo."

Maji yalikuwepo. Udongo, katika jumba lote lile, haukuwepo. Kaka ametandika vitofali vya saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye vyungu vya maua kumejaa samadi, na najisi haiondolewi kwa najisi. Kwa jirani nako vitofali. Nikaishia kwenye nyumba inayojengwa mwisho wa mtaa, mtu mzima na kikopo mkononi. Mafundi walinijazia, mmoja akauliza kama nimetumwa na mganga.

Nikaosha, mama akihesabu. Nilipofika ya tano akanirudisha ya nne, eti nimesuuza kivivu. Kisha nikampakulia upya, akala. Mimi nilijua habari ya kufuga mbwa imeishia hapo, na iliniuma kuliko nilivyotegemea.

"Kwako Keko udongo si upo?" aliuliza.

"Upo, mama. Uwanja mzima."

"Basi kafuge huyo mbwa ninayesikia unamtaka. Alale nje huko. Mie nitakuja na sahani yangu."

Nikamwambia si lazima, wezi wenyewe siku hizi wamepungua.

"Wezi gani?" alisema, akichambua mwiba. "Kila Ijumaa nikifika mlangoni kwako nakusikia unajibizana na redio."

Nikainuka kumwongezea samaki.