Kibirika cha Baba

Baba yangu alikuwa muuza kahawa wa kutembeza. Alitoka nyumbani kwetu Gongoni na dele la shaba lililokaa juu ya jiko dogo la makaa, akashika ile barabara ya zamani ya misafara, akawa anagonganisha vikombe vidogo vya kaure ili watu wasikie kuwa anapita. Mteja wa Tabora hapendi kunywa kahawa peke yake, kwa hiyo baba alimmiminia yeye kutoka kwenye dele, kisha akajimiminia mwenyewe kutoka kwenye kibirika alichokining'iniza kiunoni. Sisi watoto tuliamini kabisa kwamba kibirika kile kilikuwa na kahawa kali kuliko zote, kahawa ya mwenyewe, na ndiyo iliyompa miguu ya kutembea mpaka Isevya na kurudi bila kuchoka. Kuionja ilikuwa haramu kwetu. Kahawa ilikuwa ya wazee, basi.

Moyo wa baba ulisimama siku moja akiwa njiani, na mama akalitundika dele na kibirika ukutani.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa kidato cha nne mwaka uliofuata. Ilikuwa miaka ya kujitegemea, na vijana walijitegemea kweli: asubuhi jembe kwenye shamba la shule kule Itetemia, mchana darasani, jioni mpira. Nilimwonea huruma wiki za mwanzo, maana alikuwa akisinzia huku tonge la ugali wa mtama likiwa hewani. Halafu ghafla akachangamka. Akawa anaongea kama redio, anacheka ovyo, anafoka ukimwuliza jambo dogo. Akakonda. Vidole vikawa vinatetemeka akifunga viatu. Mimi, mwenye akili nyingi, nikasema ana msichana, na nikaanza kumtania kwa majina ya mabinti wote wa mtaani.

Mama hakucheka. Aliwahi kuona vidole vya baba vikitetemeka hivyohivyo. Akawa anamvizia mwanawe akijilaza mchana, anamwekea sikio kifuani, na kila akiinua kichwa uso wake ulikuwa umepauka zaidi.

"Unakwenda kasi," aliniambia. "Kama wa baba yako."

Kuanzia hapo utani uliniisha. Nilikuwa naogopa kila mtu akija mlangoni akihema.

Na kweli akaja mtu akihema, jioni moja. Mdogo wangu alikuwa ameanguka uwanjani katikati ya mechi. Mimi na mama tulikimbia, na mama hakujali kwamba ushungi umebaki njiani. Tulimkuta tayari hospitalini, amelala macho wazi, jasho linamtiririka, mkono ameukandamiza kifuani.

"Shikamoo mama," daktari alimwambia. Alikuwa kijana, na mama alisahau kumwitikia.

"Ni moyo?" mama aliuliza. "Baba yake alikufa kwa moyo. Niambie tu."

Daktari alisikiliza kifua, mgongo, akasikiliza tena. Akamgeukia mgonjwa. "Leo umekunywa nini?"

"Chai," mdogo wangu alisema.

Mama aliinama, akamshika kidevu, akanusa mdomo wake. Mwanamke yule alikuwa amekaanga na kutwanga kahawa tangu alipoolewa. Angeweza kudanganywa kwa mengi, si kwa hilo.

"Chai gani hii? Umekunywa kahawa wewe. Na si kikombe."

Ndipo yakatoka yote. Alikuwa akikishusha kibirika cha baba kila mama akitoka, anachemsha kahawa mpaka inakuwa nzito kama uji, anaitia tangawizi, pilipili manga na asali kwa kuwa sukari ilikuwa ya foleni. Kisha anabeba shuleni, wanakunywa na wenzake kwa kopo la uji. Waliipa jina la petroli. Siku ya mechi alikuwa amekunywa la kwake na la mwenzake aliyeugua tumbo.

Daktari alijizuia kucheka, akashindwa. Alisema wamlaze, apewe maji, atulie, wamwangalie. Tulikaa pembeni ya kitanda, mama akimpangusa jasho. Baadaye daktari alirudi, akasikiliza tena, halafu akampa mama kile chombo chake aweke masikioni. Niliutazama uso wa mama wakati ule kwa makini kuliko nilivyowahi kuutazama.

"Moyo mzima kabisa, mama," daktari alisema. "Ulikuwa unakimbizwa tu. Aiache kahawa, ale, alale."

"Alhamdulillahi," mama alisema, akalia, na mimi nikalia kwa furaha, na mdogo wangu akaona aibu akageukia ukutani.

Kesho yake tulirudi nyumbani naye, tunatembea polepole. Alikuwa amenuna. "Lakini baba," alisema, "baba aliinywa kutwa nzima, na kali kuliko yangu."

Mama alisimama palepale barabarani. "Nani alikwambia? Baba yako hakuweza kahawa. Ilikuwa inamkimbiza moyo tangu ujana. Kwenye kibirika mlikuwa na maji ya tangawizi na karafuu, nayachemsha mimi mpaka yanakuwa meusi, ili wateja wasijione wanakunywa peke yao."

Nilimtazama mdogo wangu, naye akanitazama, midomo wazi kama wajinga wawili. Kisha mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika kwenye ukuta wa watu, na sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu tumzike baba.

Tulipofika alikisugua kibirika kwa majivu na ndimu, akachemsha tangawizi na karafuu, akateremsha kikombe kidogo cha kaure na kukijaza.

"Haya," alimwambia mwanawe. "Kunywa ya baba yako."

Akajimiminia na yeye, ili mwanawe asinywe peke yake.