Matunda ya Mwegea ya Bertha

Zamani pombe ya posa ilichachushwa na mama wa kijana mwenyewe. Siku hizi hupelekwa kreti za chupa, na watu hujiona wamestaarabika.

Mwaka 1956, kwenye kambi yetu ya mkonge karibu na Tanga, Bertha, mama wa Kishambaa, aliandaa boha, pombe ya miwa, kwa posa ya mwanawe Noa. Wakwe wangefika keshokutwa, na mtungi hautoi povu. Aliusogeza karibu na moto, akaufunika magunia. Pombe ikabaki tamu kama uji wa mtoto. Mwishowe akatoa mtungini yale matunda makavu ya mwegea yanayochachusha boha, akayanusa.

"Beatrisi! Mbona yananuka sabuni?"

"Niliyaosha, mama. Yalikuwa machafu," binti yake akajibu.

"Uchafu huo ndio chachu! Bibi yako hakuyaosha maisha yake yote."

Akaenda kwa jirani yake Ruthi kuomba tunda.

"Si ulisema pombe yangu mkojo wa punda?"

"Nilisema, dada. Nipe hivyo hivyo."

Ruthi akacheka, akampa. Kulipokucha mtungi ulikuwa unafurika povu. Wakwe wakanywa, Noa akapata mke.

Bertha alipofariki, Beatrisi akayarithi matunda yake. Mara ya mwisho niliyaona sebuleni kwake Usagara, yamepakwa vanishi, yamepangwa juu ya kabati kama pambo.