Kuku Kwenye Pembe ya Cheti

Nianze kwa kukiri: mtu aliyechora vyeti vya kwanza vya masomo yetu ya posta hakuwa na cheti hata kimoja. Mtu huyo ni mimi. Shule niliiachia darasa la sita, pale Mbalizi, mama alipougua na nyumba ikahitaji mikono. Kuandika vizuri nilijifunza kwa sindano. Kwetu kila kiti kilikuwa na kitambaa, na kila kitambaa kilikuwa na maneno: Karibu Mgeni, Pumzika Baba, Chakula ni Uhai. Niliyadarizi maneno hayo mpaka nikajua kila herufi inapenda kukaaje. Nikikosea mshono mmoja, nafumua wote.

"Kitambaa kimoja unakishona mara nne," mama alikuwa akisema. "Mgeni mwenyewe atazeeka kabla hujamkaribisha."

Kitambaa ndicho kilichonipeleka Iringa. Mwalimu mmoja mstaafu, ndugu wa mbali wa baba, alipita kwetu akaketi, akaegemea maneno yangu, kisha akageuka kuyasoma.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi, mwalimu. Lakini hiyo R imelala kidogo."

"Sijauliza habari za R," akasema. "Nauliza kama unataka kazi."

Alikuwa amefungua ofisi ndogo ya kuwafundisha wakulima kwa barua. Nilipanda basi nikiwa na sanduku la mbao na hofu mbili: kwamba ningeshindwa kazi, na kwamba ningeiweza halafu watu wategemee kwamba nitaiweza tena. Basi liliposimama Igawa, abiria wote wakanunua vyakula madirishani. Mimi nilikaa na njaa yangu. Niliogopa kufika kazini na vidole vya mafuta, ingawa kazi yenyewe ilianza kesho yake.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la mbegu, na tulikuwa watatu: mwalimu, dada wa taipureta, na mimi. Somo letu kubwa lilikuwa ufugaji bora wa kuku, sehemu nane. Dada alipiga chapa, mimi nikazungusha mpini wa mashine ya kurudufu, karatasi zikaingia kwenye bahasha, bahasha zikaenda posta. Mwanafunzi alitakiwa asome, ajibu maswali, aturudishie majibu, ndipo tumpelekee sehemu inayofuata. Basi majibu ya sehemu ya kwanza yalijaza kapu. Ya pili yalijaza nusu. Ya nne yalienea kwenye kiganja.

"Watu wa huku hawaachi ugali katikati," mwalimu alilalamika, "lakini somo wanaliacha!"

"Ugali unashibisha, mwalimu," dada akamjibu bila kuinua macho. "Sehemu ya nne ni minyoo."

Kundi moja tu halikukatika. Lilikuwa Ilula, watu kumi na mmoja waliokutana kila Jumamosi na kusomeana kwa sauti, minyoo na yote. Majibu yao ya sehemu ya nane yalipofika, ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya mama mmoja muuza nyanya wa pale barabarani. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima, na herufi zake zilisimama mbalimbali kama watu wasiosalimiana. Nakumbuka barua ile karibu yote. Alisema amemaliza. Alisema mume wake haamini, maana kitu kilichokwisha lazima kiache alama. Alisema kando ya jiko pana nafasi nzuri ya banda la kuku, haina upepo, kama sehemu ya pili ya somo inavyoagiza, lakini mume ameirundikia kuni na ameapa mbele ya shemeji zake kwamba ataziondoa siku atakapoonyeshwa cheti. "Kwa sasa kuku wangu wanalala chini ya kitanda," alimalizia. "Naomba cheti."

Mwalimu aliisoma barua mara mbili, akapiga meza.

"Hicho ndicho tulichosahau! Tumewapa safari isiyo na kituo. Binti, tengeneza vyeti. Kumi na kimoja. Wiki mbili zinakutosha?"

Nikasema zinanitosha. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kazini.

Nilinunuliwa karatasi ngumu thelathini. Nilipanga mpaka wa majani ya mahindi kuzunguka ukingo, jina katikati, mstari wa sahihi ya mwanafunzi chini, na kwenye pembe ya kulia juu, kuku. Majani yalikubali. Kuku alikataa. Wa kwanza alitoka na shingo ndefu.

"Huyu kanga?" dada akauliza.

Wa pili nilimnenepesha.

"Huyu mchungaji wetu," akasema.

Halafu nikaingiwa na wasiwasi wa vidole. Kuku ana vidole vingapi, na kipi kinatazama wapi? Nimekua na kuku, nimechinja kuku, na sikujua. Nilikwenda sokoni nikachuchumaa mbele ya tenga, nikakaa kuwatazama miguu.

"Unanunua au unawapima viatu?" muuzaji akaniuliza.

Vitatu mbele, kimoja nyuma. Nilirudi nikatupa karatasi saba. Wiki mbili zikapita, zikafuatwa na nyingine mbili. Nilikuwa na vyeti vinne ninavyovipenda, na asubuhi nikiviangalia tena nabaki na vitatu. Na kuna jambo jingine sikumwambia mtu. Kwenye karatasi moja iliyoharibika niliandika jina langu mwenyewe, pale katikati, kwa herufi za kwenye kitambaa cha wageni. Nikalitazama kwa muda wa kunywa chai. Kisha nikaichana vipande vidogo sana, nikavitia mfukoni, nisiviache hata kwenye kapu.

Barua ya pili ya Ilula ilikuwa fupi. "Kuku mmoja ameatamia ndani ya kiatu cha mume wangu. Mwenye kiatu ananiambia labda kifaranga wa kwanza atatoka na cheti."

Dada alinisomea kwa sauti, halafu akaiweka juu ya kuku niliyekuwa nikimchora.

"Mdogo wangu," akasema, safari hii bila utani, "yule mama hataki kuku mzuri. Anataka kuni ziondoke."

Nilijua. Hilo ndilo lililonitia aibu. Nilimchelewesha mtu aliyesoma kila neno tulilomtumia, ili mimi nisionekane na dosari. Mwalimu akatangaza kwamba Jumamosi tunakwenda Ilula, vyeti viwe vimekwisha au havijakwisha. Ijumaa mchana nilikuwa na kumi na kimoja kamili, na hakuna karatasi hata moja iliyobaki. Kitu kimoja tu nilikiacha: muhuri. Niliogopa kuugonga. Muhuri ukipinda haufutiki. Nikamwambia mwalimu ingependeza zaidi augonge mwenyewe mbele za watu. Alisifu wazo langu. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Ilula tulipokewa kwenye chumba cha darasa, madirisha yakiwa yametazama barabara kuu na matenga ya nyanya. Mama muuza nyanya nilimtambua kabla hajajitaja. Alikuwa amekaa mbele, kitenge kipya, mikono imetulia magotini. Kando yake mzee mwembamba mwenye kofia, miguu ndani ya makubazi, na nikajua kile kiatu bado kina mwenyeji.

"Kamwene," mwalimu akawaamkia.

"Kamwene!" darasa zima likaitikia.

Mzee mwenye kofia akaomba kuona cheti cha mke wake kabla hakijatolewa. Akakishika kwa ncha za vidole.

"Kuku ni kuku," akasema. Nilitaka kumkumbatia. Kisha akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele. "Lakini muhuri uko wapi? Hii mbona ni kadi ya harusi? Mwalimu, kwa karatasi isiyo na muhuri mimi sisogezi hata ukuni."

"Muhuri upo, mzee wangu, upo," mwalimu akasema. Akafungua kisanduku cha wino, akakiweka mezani wazi, akaanza kujipapasa mifuko akitafuta muhuri wenyewe. "Mama, wakati nautafuta, njoo tia sahihi yako hapa chini."

Mama akaja. Akainama juu ya cheti. Kalamu ilikuwa kulia, wino kushoto. Kwa miaka yote aliyopanga foleni kupokea mbolea na mbegu, mbele yake palikuwa na kisanduku kama kile, na mtu aliyesema maneno kama yale. Mkono haukumuuliza. Dole gumba likaingia kwenye wino wa zambarau, likatua juu ya cheti, likakandamiza vizuri kushoto na kulia kama alivyozoeshwa.

Halafu shemeji mmoja nyuma akapiga kelele: "Sehemu nane zote, na bado dole!" Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Iringa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikitazama lile doa la zambarau, limevuka mstari wangu, limelala juu ya jani la muhindi nililolichora mara sita. Nikahesabu karatasi zilizobaki nikapata sifuri. Nikafungua mdomo niseme nipeni wiki mbili nyingine.

Mama hakunitazama. Alikuwa akilitazama dole lake. Nilidhani atalia, na nadhani hata yeye alidhani hivyo. Badala yake akafuta kidole kwenye ukingo wa meza, akachukua kalamu, akaandika jina lake juu ya lile dole, katikati kabisa, herufi moja baada ya nyingine. Majina matatu. Vicheko vikapungua kwa kila herufi, maana ilibidi kusubiri, na alipofika jina la tatu hapakuwa na sauti ila malori ya barabarani.

Akamgeukia mumewe, akamwekea karatasi mbele ya macho.

"Dole hili ndilo ulilooa," akasema. "Jina hili umeletewa leo. Unataka alama gani nyingine?"

Mzee akasoma. Midomo yake ilifuata herufi moja moja. Akatazama dole, akatazama jina. Mwalimu akawa ameupata muhuri kwenye mfuko wa koti, akaugonga kwa furaha bila kutazama, na ukatua umepinda, nusu juu ya mkia wa kuku. Mzee akakohoa.

"Hiki hakuna wa kukighushi," akasema.

Wa pili kuitwa alikuwa baba mmoja mwenye miwani, aliyejua kuandika tangu utoto. Akasogeza kisanduku cha wino karibu yake.

"Na mimi naanza na dole," akasema, "halafu jina."

Wote kumi na mmoja walifanya hivyo. Mara kumi na moja zambarau juu ya majani yangu. Nilikuwa nawashikia karatasi zisiteleze, na kufikia cha tano niligundua kwamba sijapumua tangu cha kwanza, nikapumua.

Basi letu la kurudi lilikuwa la jioni. Mama akasema hatuwezi kukaa bure wakati ahadi ipo, akatuongoza mpaka kwake. Mzee akavua kofia, akainama kwenye rundo la kuni kando ya jiko, akabeba mzigo wa kwanza akinung'unika. Shemeji zake walikuja kushuhudia, wakaishia kubeba. Mwalimu alibeba. Na mimi nikabeba, nikazipeleka nyuma ya nyumba, nikazipanga ukutani: ndefu chini, fupi juu, ncha zote zikitazama upande mmoja. Ukuni mmoja uliokuwa na tawi ulikataa kulala. Nikautoa, nikaugeuza, nikautoa tena.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, cheti kwapani, kuku mmoja mkononi.

"Mwanangu," akasema, "acha. Huo hauna mtihani."

Nikauacha ulivyokaa, umejitokeza kama kiwiko, nikaenda kuleta mwingine.