Seva ya Fundi Saa

Fundi saa alianza kupoteza usikivu akiwa na miaka hamsini na minane, na hakumwambia mtu. Watu waligundua wenyewe. Kibanda chake kilikuwa mwisho wa ukumbi wa maduka, nyuma ya dirisha la kioo lenye tundu la kupitishia mkono. Yeye alikaa ameinamia meza, lenzi jichoni. Mteja akigonga kioo, hasikii. Akiita, hasikii. Wengine walisimama robo saa wakitazama utosi wake, kisha wakaenda zao.

Mtaani walimwita Dakika Tano, kwa sababu hilo ndilo jibu alilompa kila mteja kwa miaka thelathini na mitatu, hata kama kipuri kilikuwa hakijaagizwa.

Kifaa cha masikio alikuwa nacho. Alikivaa kibandani siku moja. Saa sitini na kitu zikamwingia kichwani zote kwa pamoja, kila moja na haraka yake. Akakivua, akakirudisha kwenye kopo.

Malalamiko yalikwenda kwa binti yake, muuguzi, ambaye watu walimkamata akiwa kazini, sindano mkononi.

“Baba,” alimwambia, akisimama mbele yake ili asomwe midomo, “mpaka mwisho wa mwezi ujao. Mtu mmoja akiniambia tena kaita hakuitikiwa, unafunga kibanda, unahamia kwangu.”

“Kwako nitafanya nini?”

“Utapumzika.”

Fundi alikijua chumba alichotengewa huko. Kilikuwa na kiti kizuri kilichotazama ukuta wa jirani.

Jumamosi akaingia darasa la kompyuta katika chuo cha karibu. Alitaka kitu kimoja tu: mteja aulize kwa simu yake kama saa iko tayari, ajibiwe bila fundi kuinua kichwa. Mwalimu, mwanamke wa rika la binti yake, alimweleza kwamba hiyo itakuwa seva: programu inayokaa macho ndani ya kompyuta, ombi likiingia, inatoa jibu. Wataiandika kwa JavaScript. Wengi waliijua lugha hiyo kwa kuchangamsha kurasa kwenye simu zao. Wao wataipeleka upande wa pili, upande unaojibu.

Ilikuwa mistari kumi na mmoja. Wa mwisho uliiambia seva isikilize.

“Isikilize nini?” aliuliza fundi.

“Mlango namba elfu tatu. Yeyote akibisha hapo, inasikia.”

“Kwa mstari mmoja?”

“Mmoja tu, mzee.”

“Daktari wangu alihangaika saa mbili akashindwa.”

Mwalimu alimwonyesha pia mstari wa kutafutia makosa: kila ombi likiingia, maneno machache yanajiandika kwenye skrini ya mwenye seva. “Kazi ikikamilika, utaufuta huo,” alisema. Kisha akamfungulia njia ili simu za nje ziweze kuifikia kompyuta ya kibandani.

Kila mteja akapewa karatasi yenye namba, na anwani ikabandikwa kwenye kioo. Wiki mbili mambo yalikwenda vizuri, na hapo ndipo fundi alipoamua kuyaboresha. Hakupenda seva ikae tu. Akaiandikia kazi ya ziada: iangalie saa, iiangalie tena, isiache kuiangalia mpaka muda aliomwahidi mteja utimie, ndipo iandike “tayari”. Alilala na moyo mweupe. Asubuhi seva haikumjibu mtu hata mmoja.

Mshona mapazia wa duka la mkabala alikuja na simu, akaibandika kwenye kioo. Duara lilikuwa likizunguka bila kuchoka.

“Dakika Tano!” alipaza sauti hadi duka la tatu wakageuka. “Mashine yako nayo haisikii! Umeiambukiza?”

Hilo fundi alilisikia.

“Tafadhali, usimwambie binti yangu.”

“Saa yangu je?”

“Dakika tano.”

Safari hii ilikuwa kweli. Aliimaliza palepale ili kumnyamazisha.

Jumamosi mwalimu alisoma alichoandika, akakisoma tena.

“Mzee, umeipa kazi ya kukodolea saa. Seva hii ina jicho moja tu. Ikikodolea saa haimwoni mtu mwingine.”

“Mimi nimekodolea saa miaka thelathini na mitatu na nahudumia watu.”

Fundi alifikiri kidogo.

“Sawa,” alisema. “Niambie nifute wapi.”

“Iwekee kengele, halafu iache ihudumie watu wake. Muda ukifika, kengele itaiita.”

“Kama saa ya mezani.”

“Kama saa ya mezani.”

Fundi, ambaye alikuwa ametengeneza saa za kengele zisizopungua mia nne, alitazama sakafu.

Siku ya mwisho ya muda aliompa, binti alipita akitoka kazini, bila kuarifu kwamba anakuja. Saa yake ya kazini, ile ya kubandika kifuani, ilikuwa kwa baba yake tangu wiki iliyopita, namba arobaini na moja. Alisimama dirishani.

“Baba!”

Utosi haukutikisika.

“Baba!”

Akagonga kioo kwa pete, akaita mara ya tatu. Hakuna. Akavuta pumzi, akaanza kupanga maneno atakayomwambia, na kitanda kitakaa upande gani. Alipokuwa akipanga, macho yakaangukia anwani iliyobandikwa kwenye kioo. Akatoa simu, akaiandika, akaweka arobaini na moja.

Simu ikamjibu: Bado.

Ndani, karibu na taa, mstari mpya ukajiandika kwenye skrini: arobaini na moja anauliza. Fundi hakuwahi kuufuta ule mstari wa makosa. Macho yake yalikuwa yamezoea kuona kitu kidogo kikisogea pembeni. Akainua kichwa, akatoa lenzi, akatazama dirishani.

“Yako bado, mwanangu.”

“Nimekuita mara tatu, baba.”

“Nne,” alisema fundi. “Ya nne nimeisikia.”

Binti alitazama simu, akatazama skrini, akairudisha simu mfukoni.

“Itachukua muda gani?”

“Dakika tano.”

Akavuta kigoda cha wateja, akakaa. Zilikuwa dakika hamsini, na hakumlalamikia mtu.